Barua kwa mwanangu, kabla ya raundi ya pili

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma. Unataka nimpigie simu mratibu wa mashindano nimwambie unaumwa mgongo, ili leo usirudi uwanjani. Kabla sijakujibu, tuzungumze kidogo kuhusu Nick Dunlap, yule mchezaji gofu wa Marekani, maana picha yake iko juu ya kitanda chako.

Picha ile ni ya Januari 2024, La Quinta, California. Kijana wa miaka 20, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alabama, mchezaji wa ridhaa katikati ya watu wanaokula kwa gofu. Jumamosi alimaliza raundi kwa mikwaju 60 tu. Jumapili, kwenye shimo la 7, mpira ukatumbukia majini na uongozi aliouanza nao ukayeyuka. Akaendelea kucheza. Shimo la mwisho alibakiza mpira kama mita mbili, akautia, akashinda kwa mkwaju mmoja. Tangu Phil Mickelson mwaka 1991, hakuna mchezaji wa ridhaa aliyekuwa ameshinda kwenye PGA Tour, mashindano makuu ya gofu ya kulipwa Marekani. Ile zawadi ya zaidi ya dola milioni 1.5 hakugusa hata senti, kwa kuwa kanuni za ridhaa hazikumruhusu; ikaenda kwa Christiaan Bezuidenhout wa Afrika Kusini aliyeshika nafasi ya pili. Siku chache baadaye akaingia gofu ya kulipwa, na Julai akashinda tena. Hayo unayajua kuliko mimi.

Dunlap ninayempenda mimi ni wa Aprili 2025, Augusta, siku ya kwanza ya Masters, moja ya mashindano makubwa kabisa ya gofu. Alipiga 90! Mikwaju 18 juu ya pa, yaani juu ya idadi inayotarajiwa kwa mchezaji mzuri, dunia nzima ikitazama, naye miezi michache tu nyuma alikuwa ametangazwa mchezaji chipukizi bora wa mwaka. Wewe unajua gofu ilivyo: mwenzako anakuandikia mikwaju, lakini kadi unaikagua mwenyewe shimo kwa shimo na kutia saini kwamba ndivyo ulivyocheza. Akaitia saini ile 90. Ijumaa akarudi, akapiga 71, moja chini ya pa. Hakufuzu kucheza raundi za wikendi, na alipoamka asubuhi ile alijua kwamba kufuzu ni ndoto. Hakukuwa na kombe wala hela ya kumtoa kitandani. Alikwenda kwa sababu ilikuwa zamu yake ya kucheza.

Mgongo wako hauumwi, mwanangu. Ungekuwa unaumwa kweli ningekufuata huko usiku huo huo. Simu kwa mratibu sitapiga.

Kadi yako nimeiangalia vizuri. Mashimo yaliyokuharibia siku ni mawili tu, la 4 na la 11. Yote mawili mpira ulitoka nje ya mipaka, na nakujua, ulirudia kupiga papo hapo ukiwa na hasira. Leo ukifika pale, ile fimbo ya kupiga mbali, dereva, iache kwenye mfuko, chukua fimbo ya chuma namba 5, hata kama wenzako wote watakupita kwa mbali. Mpira ukipotea, kunywa maji kwanza, vuta pumzi, ndipo upige mwingine.

Unaanza saa mbili kasoro robo. Kula kabla hujatoka, na usiondoke na chai tupu tumboni.

Mama yako