Gari ikirudi nyuma mlimani usikimbilie kushusha giaboksi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wenye magari wenzangu wa hapa Dodoma na mikoa ya jirani. Mi ni fundi, na kuna jambo linaniuma sana. Naletewa gari mwenyewe anasema "fundi hii inarudi nyuma kwenye mlima, nimeambiwa giaboksi imekufa", na wengine wameshaonyeshwa mpaka duka la kununua giaboksi ya mtumba, hela ya ada ya watoto ndo inataka kwenda huko, kumbe ukikaa ukaipima gari vizuri shida iko kwingine kabisa.

Mji wetu umekaa tambarare, hilo ndo linatuponza. Gari inazunguka Kizota, Area C, Nkuhungu mwaka mzima na haionyeshi kitu, siku unaenda Iringa kwa njia ya Mtera ukafika mlima Nyang'oro, au unaelekea Mwanza ukakuta malori yamesimama Sekenke, mbele yako lori nyuma yako basi, ukiachia breki gari inarudi, hapo ndo unajua hali ya gari yako.

Sasa kabla hujafungua nati hata moja jiulize inarudi wakati gani, maana jibu la hapo linakuambia karibu kila kitu. Kama umekanyaga breki ya mguu na pedeli inazama taratibu huku gari inateleza, na hamna mafuta ya breki yanayovuja nje, angalia masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedeli), hiyo mara nyingi raba zake za ndani zimechoka, na usisafiri nayo hata kama ni hapo Bahi tu. Kama ni manyuali na injini inapiga kelele lakini gari haipandi, hiyo ni klachi. Simamisha sehemu tambarare pasipo na mtu mbele, vuta handbreki, kanyaga na breki ya mguu, weka gia ya nne, achia klachi pole pole, injini inatakiwa izime. Ikiendelea kunguruma ujue klachi pleti imekwisha au imelowa oili. Pima mara moja tu, ukirudia rudia utaimalizia.

Kwa oto watu wanahangaika bure. Ile gari inasukumwa kwa nguvu ya oili inayozungushwa na injini, kwa hiyo ukiweka D ukaachia breki kwenye mlima mkali ikarudi kidogo sio ugonjwa, kanyaga moto itapanda. Shida ni pale mlima ule ule zamani ilikuwa inasimama na sasa hivi inarudi. Anza na silensa, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga moto, kama iko chini (throto ikijaa masizi inaleta hiyo) gari haina nguvu ya kujishikilia. Halafu pima oili ya giaboksi, kwa Toyota nyingi zenye dip stiki unapima injini imewaka na imeshapata moto, gari iko kwenye P na imesimama sawa. Na jamani, Vitz na IST za toleo la pili nyingi ni CVT (oto inayotumia mkanda badala ya gia), mafuta yake sio ATF ya kawaida, ile oili ya giaboksi za oto nyingine, kuna mafundi wanamimina yoyote iliyopo dukani, wanaua giaboksi iliyokuwa nzima!

Lakini gari nyingi ninazoletewa ugonjwa wake ni handbreki. Wenye oto wengi wanaweka P wanashuka, handbreki haivutwi mwaka mzima mpaka waya unashika kutu. P ni kajino kadogo ka chuma kanakozuia shafti ndani ya giaboksi, ukikabebesha uzito wote wa gari kwenye mwinuko ndo ule mshindo unaousikia ukitoa gia. Kanyaga breki, weka N, vuta handbreki, legeza mguu gari ilalie handbreki, ndo uweke P.

Na mafundi wenzangu naomba mnisikilize kwa nia njema. Handbreki ikipanda juu sana tunakimbilia kukaza nati ya waya pale katikati, mteja anaondoka anafurahi, baada ya muda mfupi anarudi na malalamiko yale yale. Anza kwenye breki shuu, vile vipande vinavyobana dramu kwa ndani. Nyanyua nyuma, ingiza bisibisi kwenye kale katundu ka kurekebishia shuu, zungusha kigurudumu chenye meno mpaka dramu inakwaruza kwa mbali, rudisha meno machache, fanya na upande wa pili, waya uje mwisho kabisa. Noah na Rav4 zenye diski nyuma mara nyingi zina shuu ndogo ndani ya ile diski, wengi hawajui kama zipo, zinakwisha na hakuna anayezifungua. Ukikuta shuu zimelowa oili ya eksili badilisha sili na shuu zenyewe, kuziosha kwa petroli hakusaidii.

Malori ndo yananiogopesha zaidi. Breki za upepo zimetengenezwa kwamba upepo ukiisha springi inabana matairi yenyewe, sasa chemba (kopo la breki lenye hiyo springi) ikivuja upepo njiani fundi anaikaza springi kwa bolti ili lori litembee lifike gereji, hiyo ni sawa kwa dharura, ila kuna malori yanaachwa hivyo hivyo na yanabeba mzigo, likisimama mlimani linategemea jiwe la utingo. Nyuma yake kuna familia kwenye gari ndogo ambayo haijui chochote.

Kwa hiyo ninachoomba kwa wanaokagua magari, mbali na taa, tairi na vioo, gari ipelekwe kwenye mwinuko, ivutwe handbreki dereva aachie pedeli, na kwa malori waingie chini waangalie hizo bolti. Ni kazi ya dakika chache kwa kila gari.

Fundi wa magari,
Kizota, Dodoma