Funga bidoni, mwanangu

Katuba, Lubumbashi
Mwezi wa kumi

Mwanangu mpenzi,

Kesho nakuachia meza yetu ya esansi ya pikipiki na magari, nami naenda Kipushi kumuuguza bibi yako. Bei za chupa unazijua. Ninalokuandikia ni ile harufu.

Unakumbuka nilivyozoea kusema, "Pasiponuka, wateja watajuaje tunauza?" Nilikosea. Harufu ile ni esansi yetu inayopaa hewani, na haiishii hapo. Ikichanganyika na moshi wa pikipiki na magari, jua kali la mwezi huu huvipika pamoja hadi ikatokea gesi iitwayo ozoni. Haionekani kama moshi wa makala, ndiyo maana tumeishi nayo bila kuishuku. Asubuhi huwa kidogo. Alasiri ndipo mara nyingi hukolea, saa zile zile mdogo wako anaporudi shuleni kifua kikimbana. Sisemi pumu yake imetoka mezani pangu. Lakini ozoni huwasha njia za pumzi, na mwenye pumu ndiye huumia kwanza. Nikilifikiria hilo, usingizi haunijii.

Utaniambia mwalimu alifundisha kwamba ozoni hutukinga na jua. Ni kweli, ile iliyo juu sana, kwa wingi kati ya kilomita 15 na 35. Kitu ni kile kile, ila kule juu hakuna anayeivuta. Wala usimfunge mtoto kitambaa puani ukadhani umemkinga: kitambaa huzuia vumbi, hii ni gesi. Alasiri acheze ndani. Nilitaka hata kwenda naye Kipushi, kumbe upepo huibeba ozoni mbali, na pengine huzidi nje ya mji kuliko penye magari.

Basi kumimina esansi kutoka bidoni kubwa kufanye jioni, jua likishapoa, na utumie faneli. Hata tone lisimwagike. Bidoni zikae kivulini, maana joto huzidisha mvuke. Motari akisubiri chenji, mwambie azime injini. Atanung'unika, mwambie vilevile. Takataka za uani usizichome, hata jirani akichoma zake.

Kizibo cha bidoni ya njano kimepasuka. Franga za kununua kingine nimeziacha ndani ya kikombe cha buluu. Kinunue kabla hujafungua meza.

Mama yako