Risala ya Klabu ya Afya kwa mgeni rasmi, daktari mtafiti wa magonjwa ya tumbo

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Karibu sana mama. Tuseme ukweli tu, tulivyotangaziwa kwamba mgeni rasmi ni mtafiti anayepima vinyesi vya watu maabara, kidato cha pili walicheka mpaka mwalimu wa zamu akaingilia kati, tunaomba radhi kwa niaba yao. Ila tulivyoanza kusoma kuhusu kazi yenyewe kicheko kikaisha.

Mfano hii ishu ya vidonda vya tumbo. Mtaani kila mtu anakwambia ni mawazo, ni pilipili, acha maharage (hapa shuleni ukiacha maharage utakula nini sasa?). Kumbe kule Perth, Australia, daktari Robin Warren alishawaona bakteria kwenye vinyama vya tumbo la wagonjwa tangu 1979, akaja kijana Barry Marshall wakawa wanajaribu kuwaotesha hawaoti, mpaka Pasaka ya 1982 visahani vikaachwa siku tano kwa ajili ya sikukuu, kurudi wanakuta wameota! Wakubwa hawakuamini, eti kwenye ile asidi hakiishi kitu. Basi 1984 Marshall akawakoroga akawanywa mwenyewe, siku chache anatapika, kupimwa ndani kumevimba na bakteria ndo hao hao. 2005 wote wawili wakapewa Nobel. Mama, wewe tunakuomba usinywe chochote.

Kilichotuchanganya zaidi ni kwamba bakteria wengi wa utumbo wala sio maadui. Wako matrilioni, wanamalizia nyuzinyuzi zilizotushinda, wanatengeneza vitamini K, wanawazibia nafasi wale wa magonjwa. Sasa sisi tumbo likikata kidogo tu tunakimbilia duka la dawa, flajili mbili, kesho umepata nafuu dozi unaitupa, hata mimi katibu ninayesoma hapa nilikuwa hivyo hivyo. Unaua walinzi wako na wabaya wanaobaki wanakuwa sugu. Yuko mmoja anaitwa Clostridioides difficile, huyo walinzi wakifa ndo anashamiri, mtu anaharisha hakukatiki, na ikishindikana kabisa anawekewa kinyesi cha mtu mwenye afya. Kidato cha pili naona mko kimya.

Na Wahadzabe wetu wa Ziwa Eyasi wamo, utafiti wa 2017 ulionyesha bakteria wao wanabadilika na msimu, mvua zikija na asali kuna makundi yanapotea, kiangazi cha nyama yanarudi, na hayo hayo ndo yameadimika kwa watu wa nchi tajiri. Tulifurahi, ila tungependa sampuli za hapa zichunguzwe hapa, na sisi.

Kuhusu changamoto, hadubini tunayo moja na lenzi imeota ukungu, kila unachotazama ni bakteria. Choo cha wavulana hakina maji kwahiyo ule wimbo wetu wa kunawa mikono ni wimbo tu. Tunaomba hadubini na tenki, kama ni kimoja basi anza na tenki, pia utuchukue hata watatu likizo ya Juni tuione maabara yako, vyombo tutaosha.

Tunaomba kuwasilisha.