Nyaraka zipo, ila hatufundishi zinavyotafutwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Nimefundisha historia kwa miaka mingi, na kila ufikapo msimu wa kuandika ripoti za utafiti nasikia kilio kilekile: "Mwalimu, mada yangu haina vyanzo vya msingi." Anamaanisha maandishi ya watu wa wakati ule anaouchunguza. Mwanafunzi anabadilisha mada, au anajaza kurasa kwa kunukuu vitabu vya wengine waliokwenda kuzisoma nyaraka hizohizo anazosema hazipo. Jambo hili linaniuma, kwa sababu mara nyingi nyaraka zipo. Tulimtuma kuzitafuta bila kumwambia zimepangwaje.

Maktaba hupanga vitabu kwa mada. Hifadhi ya nyaraka hufuata mahali karatasi ilikotoka. Ufaransa iliiweka kanuni hiyo katika mwongozo wa mwaka 1841, na hifadhi nyingi duniani zimekuja kuifuata: karatasi za mahakama hukaa pamoja, za forodha hukaa pamoja, wala hazichanganywi hata zikizungumzia tukio moja. Kwa hiyo anayeingia mle akiwa na jina la mada yake tu, amekwenda na ufunguo wa mlango mwingine.

Niliwahi kumsimamia mwanafunzi aliyekuwa akichunguza njaa ya miaka ya nyuma. Alitafuta neno "njaa" kwenye orodha ya majalada, akapata mawili yenye karatasi chache, akaja kuniaga kwamba anaiacha mada. Nikamuuliza: njaa ile ilimsumbua nani hata akashika kalamu? Tukakaa tukaanza kuwataja. Mkusanya kodi aliyerudi bila kodi, akalazimika kujieleza kwa wakubwa wake. Hakimu aliyeletewa wezi wa nafaka, mmoja baada ya mwingine, ambao hawakuwa na kosa jingine maishani. Ofisi ya reli iliyosafirisha magunia ya msaada na kudai malipo yake. Padri aliyeandika maziko katika daftari la kanisa, mistari ikiongezeka mwezi hadi mwezi. Mfanyabiashara aliyelalamikia bei gazetini. Hakuna hata mmoja kati yao aliyefungua jalada akaliita "Njaa". La kodi liliitwa la kodi, la reli likaitwa la reli. Mwanafunzi yule alirudi hifadhini akiwa na majina ya ofisi badala ya jina la mada, na safari hii tatizo lake likawa muda wa kuyasoma yote.

Maneno nayo yana enzi zake. Aliyeishi mwaka 1916 hakujua kwamba yumo katika Vita vya Kwanza vya Dunia, maana vya pili vilikuwa havijapiganwa. Magazeti ya wakati ule yalisema Vita Vikuu, au vita vya Ulaya. Anayetafuta kwa jina la leo ataambiwa hakuna kitu. Na katika magazeti yaliyowekwa kwenye intaneti kuna shida nyingine: herufi zimesomwa na kompyuta, nayo hukosea sana penye wino uliofifia. Jina linaweza kuwamo ukurasani na utafutaji usilione. Dawa ni kuchagua tarehe na kulipitia gazeti lenyewe ukurasa kwa ukurasa. Inachosha, lakini ndipo mtafiti anapokutana na mambo ambayo hakuwa na akili ya kuyaulizia.

Kuna na njia fupi wanayoipuuza wengi, nayo ni tanbihi, yale maelezo madogo ya chini ya ukurasa. Kitabu kizuri cha historia kinataja namba ya jalada lililosomwa. Chukua namba hiyo, uliombe jalada lenyewe, kisha uliombe na lililo jirani yake. Mwandishi aliyetangulia alikuwa na swali lake, wewe una lako, na alichokiruka yeye huenda ndicho unachokihitaji. Hata kitabu cha shule cha mwaka 1930 ni shahidi dhaifu wa mambo ya karne iliyotangulia, lakini kwa anayeuliza watoto wa 1930 walifundishwa nini, hicho ni chanzo cha msingi kabisa.

Sisemi kwamba kila kitu kipo. Mwaka 2011, wazee wa Kenya walioteswa wakati wa Mau Mau walipokuwa wakiishtaki serikali ya Uingereza mjini London, serikali hiyo ilikiri kwamba ilikuwa imeyafungia huko Hanslope Park, kituo chake chenye ulinzi, majalada yaliyoondolewa katika makoloni yake 37 wakati wa uhuru. Mengine yalikwisha kuchomwa moto. Yaliyobaki yalifunguliwa kwa wasomaji kuanzia mwaka 2012, katika mfululizo wa majalada uitwao FCO 141 kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza huko Kew, London. Kwa karibu miaka hamsini, mtafiti aliyeyakosa hakuwa mzembe, yalikuwa yamefichwa. Kwa sababu hiyo pengo katika orodha linastahili kuandikwa kama tunavyoandika kilichopatikana: nani aliondoka na karatasi, na aliogopa nini?

Ombi langu kwa wakuu wa idara za historia ni dogo. Kila ripoti ya utafiti iwe na kurasa mbili za kueleza safari ya kutafuta: ofisi zipi zilifikiriwa, maneno gani yalijaribiwa, majalada yapi yaliombwa yakakosekana. Kurasa hizo zipewe alama. Na kabla mwanafunzi hajaruhusiwa kusema mada yake haina vyanzo, apelekwe kwanza akazungumze na mtunza nyaraka, ambaye anayajua masanduku yake kuliko orodha yoyote na ambaye, kwa niliowafahamu mimi, hufurahi sana kuulizwa.

Wako,
Mwalimu wa historia