Wauza bodi watupe faili la mti wa vifaa

Mhariri,

Nataka kusema juu ya mti wa vifaa, yaani faili linaloeleza bodi ya kompyuta ina nini na kimeunganishwa wapi. Mwezi uliopita mama mmoja anayeuza maji Kayole aliniletea bodi ya mashine yake ya kuuza maji kwa tokeni. Aliitoa kwenye leso, akaiweka mezani kwangu hapa Luthuli. "Mwanangu, watu wanarudi na mitungi mitupu," akaniambia. Nikachomeka waya wa siriali, ule unaoleta maneno ya bodi kwenye skrini yangu, nikawasha. Mstari wa mwisho kwenye skrini ulisema kerneli, kile kiini cha mfumo wa Linux kinachozungumza na vyuma, imeshafunguliwa na sasa inaanza kazi. Baada ya hapo, kimya. Nilingoja dakika 10 nzima, haikutoka hata herufi moja.

Chipu ilikuwa nzima. Bodi yake ya kwanza iliungua kwa umeme unaopanda na kushuka, na aliyemuuzia akamletea nyingine ya toleo jipya, kisha akatia ndani yake kerneli ileile ya zamani. Katika toleo jipya pini za siriali zimehamishwa, na pia pini ya rilei, ile swichi ya umeme inayofungua vali ya maji. Kwa hiyo kerneli ilikuwa hai, lakini ilipoanza kazi ikawa inaongea kupitia pini za zamani, ambazo kwenye bodi hii hazijaunganishwa na chochote. Nilimpigia muuzaji simu nikamwomba msimbo wa kerneli, yaani maandishi ya programu yenyewe. Akasema ni siri ya biashara.

Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Leseni ya kerneli, GPL toleo la 2, inamlazimu anayekuuzia kifaa chenye kerneli hiyo akupatie na msimbo wake ukiudai. Yule mama hakuwa anaomba hisani.

Zamani kila bodi yenye chipu ya ARM, aina inayotumika sana kwenye simu na vifaa vidogo, ilielezwa ndani ya msimbo wa kerneli wenyewe, na ikapewa namba yake ya mashine. Programu ya kuwashia iliikabidhi kerneli namba hiyo, nayo ikajua iko kwenye bodi gani. Ukihamisha pini moja, unajenga kerneli nzima upya. Bodi zilipozidi kuongezeka mafaili yakarundikana, hata mwaka 2011 Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, akalalamika hadharani. Wahandisi wa ARM wakageukia njia ambayo mashine zenye chipu za aina nyingine, SPARC na PowerPC, zilikuwa zimeitumia miaka mingi: mti wa vifaa. Ni faili la maandishi linaloeleza bodi ina chipu gani, memori kiasi gani, na pini ipi imeshika nini. Linakompailiwa, yaani linageuzwa kuwa umbo la kusomwa na mashine, kwa programu iitwayo dtc, halafu kerneli inalisoma inapowaka. Mwaka 2023 mafaili mengi ya mtindo wa zamani yaliondolewa kabisa kwenye kerneli kuu. Lakini bodi za mtindo huo bado zinauzwa Nairobi kama mpya.

Bodi ya mama niliihamishia mtindo huu mpya mwenyewe. Sikuwa na mchoro, kwa hiyo nilifuata njia za shaba kwa multimita siku 4, lenzi jichoni, hadi nikajua rilei iko pini ipi. Chipu yenyewe tayari ina maelezo yake ndani ya kerneli ya sasa, mimi nikaandika ya bodi tu. Programu ya kuwashia ilikuwa ya kale, haijui kukabidhi mti, basi nikaligandisha faili mwishoni mwa kerneli. Kerneli inaruhusu hivyo kwa ajili ya vifaa vya aina hiyo.

Nilikosea mahali pamoja. Rilei ile hushika umeme wa pini yake unaposhuka, nami nikaandika 0 badala ya 1 mwishoni mwa mstari wake. Umeme ulipoingia vali ikafunguka yenyewe, maji yakatapakaa hadi mlangoni kwa mama. Nilimwomba radhi, nikapiga deki, nikabadilisha tarakimu hiyo moja na kukompaili faili upya. Sekunde haikuisha. Msimbo wa kerneli sikuugusa.

Ombi langu liwafikie wanaonunua kwa fedha za wengi: kaunti, shule, vikundi vya maji, wenye ploti wanaofunga mita za tokeni. Kabla hamjatoa arubuni, andikeni kwenye mkataba kwamba muuzaji atakabidhi faili la mti wa vifaa likiwa katika maandishi, pamoja na msimbo wa kerneli. Akileta lililokompailiwa tu, dtc inaweza kulirudisha likasomeka, ingawa maelezo ya mwandishi na majina aliyoyatumia yatakuwa yamepotea. Bodi ya mtindo wa zamani haina hata hilo la kurudisha. Akisema ni siri, mwambieni faili hilo halina hesabu zake wala bei zake. Linasema tu pini fulani ina rilei, na nyingine ina mita.

Na walimu wa vyuo vya ufundi, tafadhali wapeni vijana bodi na multimita wajaribu kuandika faili hili wenyewe. Wanaokuja kwangu kwa mafunzo wanajua kulehemu vizuri sana, ila hili hawajawahi kuliona.

Faili la bodi ya Kayole nimelichapisha kurasa 3. Nimezitia kwenye mfuko wa plastiki na kuzifungia ndani ya kisanduku cha mashine, kando ya rilei, na mama anajua ziko hapo.

Fundi wa vifaa vya elektroniki,
Luthuli, Nairobi