Viache vidonge hivyo, mwanangu

Mwanangu Mwanaidi,

Mdogo wako ameniambia kwamba tangu uanze mafunzo kwa vitendo huko Mwanza unameza diklofenaki asubuhi na jioni, si kwa ajili ya maumivu, bali kwa sababu umesoma kwamba wasiwasi hutokana na inflamesheni ya ubongo, yaani kinga ya mwili kuwaka humo, na vidonge hivyo hutuliza inflamesheni. Nimefurahi kwamba unasoma. Nimeudhika kwamba hukuniuliza, nami nilikuwa muuguzi kabla hujazaliwa.

Ulichosoma si uzushi. Ubongoni mna seli za ulinzi ziitwazo mikroglia, zilizoelezwa na Mhispania Pío del Río Hortega mwaka 1919. Mwili unapovamiwa na vijidudu, au unapokaa na msongo na kukosa usingizi kwa muda mrefu, seli za kinga hutoa saitokini, kemikali ambazo taarifa yake hufika ubongoni na kuziamsha mikroglia hizo, na amigdala, sehemu inayopima hatari, huweza kuwa nyepesi kushtuka. Wagonjwa wa homa ya ini C waliotibiwa kwa sindano za intaferoni, ambayo nayo ni saitokini, walilidhihirisha hilo: baadhi yao, waliokuwa watulivu kabisa, walianza kukosa usingizi, kuhangaika na kuzama katika sonona.

Lakini kutoka hapo hadi diklofenaki ni mbali. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la infliksimabu, dawa kali inayozuia saitokini mojawapo, kwa wagonjwa wa sonona sugu, na kwa jumla haikuishinda dawa bandia, yaani ile isiyo na tiba ndani yake inayotumiwa kulinganishia. Dalili za nafuu zilionekana kwa wale ambao kipimo chao cha damu cha CRP, kinachoonyesha inflamesheni mwilini, kilikuwa juu tangu mwanzo. Wewe umepima nini? Tumbo na figo ndivyo vitakavyolipa. Nimewahi kumpokea kijana wa rika lako akitapika damu nyeusi mithili ya machicha ya kahawa, kwa vidonge hivyohivyo.

Viache leo. Nenda hospitali, umweleze daktari habari ya moyo kwenda mbio na kuamka usiku wa manane, na umwombe akupime tezi ya shingo na wingi wa damu, kwa kuwa hayo nayo huleta wasiwasi. Akikupeleka kwa mshauri wa afya ya akili, usione haya. Wewe uliyekuwa ukiwasahihisha walimu wako wa hesabu, imekuwaje ukubali dozi ya kukisia?

Bibi yako anakusalimu. Jicho lake linaendelea vizuri. Fundi amemaliza paa la jiko, ila kona ya karibu na kisima bado inavuja na ameshalipwa zote. Fedha uliyotuma ya mtungi wa gesi nimekurudishia kwa simu, iwe ya kumwona daktari; sisi tutapikia mkaa hadi mwisho wa mwezi.

Ukishaonwa nipigie usiku, maana mchana nipo zamu. Na hata jino likikuuma, tumia parasetamoli.

Mama yako,
Tanga