Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025, Winnipeg

Ndugu wanachama, asalaam aleikum, Bwana asifiwe.

Shughuli za kawaida mnazijua: Idi, darasa la Kiswahili la watoto kila Jumamosi, michango ya misiba miwili, na pikiniki tuliyoikatisha kwa ajili ya moshi. Sitarudia.

Nije kwenye linalosemwa kwenye kundi la WhatsApp. Ndiyo, dola 3,200 za sherehe ya mwisho wa mwaka nilizitoa mimi kuwasaidia waliohamishwa na moto wa misitu, bila kuitisha mkutano. Katiba inaruhusu wakati wa dharura, mradi sahihi ziwe mbili. Ya pili ni ya mweka hazina, ambaye siku hizi hakumbuki. Karatasi ipo.

Tarehe 28 Mei jimbo letu la Manitoba, hapa Kanada, lilitangaza hali ya hatari kwa ajili ya moto huo. Watu wapatao 17,000 wakahamishwa, wengi wao wenyeji wa asili, Wacree wa huko kaskazini. Pukatawagan, kijiji chao kimoja, haina barabara ya mwaka mzima. Ni treni, ndege, au barabara ya barafu wakati wa baridi. Jeshi likaingia kuwatoa watu kwa ndege. Hoteli za hapa zikajaa hadi wengine wakapelekwa Niagara Falls, jimbo jingine kabisa.

Mwanachama mmoja akaandika, “Hao wana serikali yao.” Ndugu yangu, mimi nimefanya kazi ya zimamoto kaskazini miaka 19, na sijisifu. Usiku mmoja, baridi nyuzi 38 chini ya sifuri, tulikuwa na gari moja tu, na banda lake halikuwa na joto, kwa hiyo maji yalikuwa yameganda ndani ya tangi. Tukavuta maji ziwani kwa pampu ndogo. Huko maji ya mpira hayafungwi. Ukiyafunga kidogo tu yanaganda, mpira unakuwa gogo. Mwenzangu aliyafunga. Nyumba ikaisha tukiiangalia, na mwenye nyumba, bibi mtu mzima, ndiye aliyekuja kutuletea chai. Takwimu za serikali za mwaka 2021 zinasema wenyeji wa asili wanaoishi kwenye maeneo yao wanakufa kwa moto zaidi ya mara kumi kuliko Wakanada wengine. Mimi sikuhitaji takwimu.

Fedha zilinunua mablanketi, nepi, sabuni, na pilau sufuria mbili. (Wazee wa Kicree waliomba chumvi. Waliopika wanajijua.) Nusu yetu humu tulipewa blanketi la kwanza kwenye kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma, na hakuna aliyetuuliza serikali yetu iko wapi.

Mkutano wa Juni, ambao ningeeleza yote haya, walikuja watu 11 kati ya 84. Nilikaa na viti. Wanaolalamika zaidi hawakuwepo, majina nimeyahifadhi.

Ada: waliolipa 29, wasiolipa 55. Kwa dola 60 kila mmoja, tunadai 3,300. Piga hesabu mwenyewe: sherehe ingekuwepo, na chenji ya soda ingebaki.

Mwakani, Mungu akipenda, tutatafuta ukumbi wetu, au angalau wa kukodi wenye jiko zuri. Pia nitafundisha usalama wa moto majumbani, bure, wakipatikana wa kufundishwa.

Mweka hazina atasoma hesabu baada ya chai. Risiti zimo kwenye bahasha ya kaki, pale mezani karibu na birika. Kila anayetaka azikague, ila azirudishe.

Mwenyekiti